Uingereza ilichukua miaka karibu minne kutoka Umoja wa Ulaya, shida ilikuwa wapi hasa?

mzee_wa_ramani:
Wakuu habari zenu. Kuna jambo linanisumbua, Waingereza walipiga kura Juni 23, 2016, asilimia 51.9 wakasema tunatoka, lakini kutoka rasmi ni Januari 31, 2020. Hapo katikati mawaziri wakuu wamebadilika, bunge limegombana usiku na mchana, tarehe ya kutoka imesogezwa zaidi ya mara moja. Sasa kama wananchi wameshaamua si mnaandika barua mnaondoka? Hawakuwa na euro, mipaka yao hawakuifungua kama wale wa Schengen (nchi za Ulaya ambazo watu wanavuka bila kuonyesha pasipoti), yaani mguu mmoja ulikuwa nje tayari. Naomba mwenye uelewa anifafanulie kwa lugha nyepesi.

Kibabu77:
Mkuu barua yenyewe waliandika, tena mapema tu. Ibara ya 50 ya Mkataba wa Lisbon inasema nchi inayotaka kutoka inatoa taarifa halafu saa inaanza kuhesabu miaka miwili, mkishindwa kukubaliana na muda haujaongezwa unatoka hivohivo bila mkataba. Theresa May, waziri mkuu wa wakati huo, alitoa taarifa Machi 29, 2017. Na hata kabla ya hapo Mahakama ya Juu ilishaamua kwamba serikali haiwezi kutoa taarifa hiyo bila bunge kuruhusu, kwa hiyo bunge likawa limeshika usukani toka mwanzo.

Ila kilichowakwamisha zaidi kwa maoni yangu ni Ireland. Watu wengi wanaongelea wahamiaji na pesa za Brussels (makao makuu ya Umoja) wanasahau kwamba Ireland Kaskazini ni sehemu ya Uingereza na imepakana na Jamhuri ya Ireland ambayo yenyewe ilikuwa inabaki kwenye Umoja. Mpaka ule una kama kilomita 500 na njia zaidi ya 200 za kuvukia, unakatiza mashamba, watu wanavuka kwenda kazini na kurudi. Na mkumbuke watu kama 3,500 walikufa Ireland Kaskazini kwenye mgogoro wa miaka karibu thelathini kati ya wanaotaka kubaki na London na wanaotaka kuungana na Jamhuri, mpaka ukaja mkataba wa amani wa 1998. Kambi za jeshi na vizuizi vya mpakani vikaondoka, na hakuna mtu mwenye akili aliyetaka virudi.

Sasa angalia mtego. Serikali ilitaka mambo matatu kwa pamoja: itoke kwenye soko la pamoja (kanuni moja za bidhaa) na umoja wa forodha (ushuru mmoja kwa mizigo ya nje), ambavyo ndivyo vinafanya mizigo ivuke bila kukaguliwa, pasiwe na ukaguzi mpakani Ireland, na pasiwe na ukaguzi kati ya Ireland Kaskazini na sehemu nyingine za Uingereza. Chukua yoyote mawili, la tatu linakufa. May akasema basi nchi nzima ibaki kwenye forodha moja na Ulaya mpaka ipatikane njia nyingine, wabunge wakamkatalia mara tatu, ile ya kwanza Januari 2019 alishindwa kwa tofauti ya kura 230! Boris Johnson akaja kuwa waziri mkuu, akakubali ukaguzi uwe baharini, yaani mzigo unaotoka England kwenda Belfast, mji mkuu wa Ireland Kaskazini, unakaguliwa kama unaingia Ulaya. Hapo ndo wakatoka.

Salha_M:
Kibabu umeeleza vizuri ila mi naona tatizo lilianza kwenye karatasi ya kura yenyewe. Iliuliza kubaki au kutoka, basi, haikuuliza mnatoka kwenda wapi. Norway haiko kwenye Umoja lakini iko soko la pamoja, Uturuki iko kwenye forodha lakini soko la pamoja haimo. Zote hizo ni "nje". Kila aliyepiga kura ya kutoka alikuwa na picha yake, wabunge nao hivohivo, kwa hiyo kila mkataba uliletwa ukaonekana usaliti kwa watu fulani. Halafu Scotland asilimia 62 walitaka kubaki na Ireland Kaskazini wengi walitaka kubaki, wakatolewa tu. Hilo linaniuma mpaka leo kwa kweli.

mzee_wa_ramani:
Aisee kumbe ni forodha ndo iliwatesa. Na hao wa Belfast wameridhika na huo ukaguzi wa baharini?

Kibabu77:
Hawakuridhika, hasa wale wanaotaka kubaki na London. Chama chao kikubwa, DUP, kilijitoa serikalini pale Belfast Februari 2022 na serikali haikurudi mpaka Februari 2024, miaka miwili wananchi hawana serikali kamili! Katikati hapo 2023 Rishi Sunak, waziri mkuu wa wakati huo, alikubaliana na Ulaya kupunguza ukaguzi, mzigo unaobaki Ireland Kaskazini upite njia nyepesi na unaoendelea kwenda Jamhuri ukaguliwe kikamilifu.

Salha_M:
Na mkuu usidhani 2020 ndo iliisha. Mwaka ule wote waliendelea kufuata sheria za Ulaya, mabadiliko yameanza kuonekana Januari 2021. Mkataba wa biashara uliondoa ushuru ila fomu za forodha zikarudi na mwenye kiwanda inabidi athibitishe bidhaa yake imetengenezwa wapi, wafanyabiashara wadogo wengine wakaacha kabisa kuuza Ulaya. Mwingereza akienda Ufaransa sasa anahesabiwa siku 90 ndani ya kila siku 180. Na wakitaka kurudi ni Ibara ya 49, wanaomba upya kama nchi nyingine yoyote na wanachama wote 27 lazima wakubali.