Naomba ushauri: vyombo vya bendi vilivyoingiwa na maji ya mafuriko Mathare

Ndugu wanachama, hamjambo. Chumba cha mazoezi cha bendi yetu, kando ya Mto Mathare jijini Nairobi, kilifunikwa na mafuriko ya Aprili 2024, na kwa kuwa serikali iliwaamuru wakazi waondoke umbali wa mita 30 kutoka mtoni, hatuwezi kurudi pale.

Magitaa tuliyakausha kivulini taratibu, kwani jua kali hupinda mbao; hata hivyo gundi ya moja imeachia. Kinanda na amplifaya hatujaviwasha kabisa, maana tope lile lina maji taka yanayokula shaba polepole hata baada ya kukauka.

Je, saketi za kinanda na amplifaya zikisafishwa kwa spiriti zitafaa tena, au tutakuwa tunampa fundi pesa bure? La pili ndilo linaloniumiza zaidi: wenzetu kadhaa walipoteza nyumba na sasa wanalala kwa jamaa zao, nao mfuko wetu wa pamoja ni mdogo. Tutengeneze kwanza vyombo, ambavyo ndivyo riziki yetu sote, au tuwalipie wao kodi na amana ya nyumba? Aliyewahi kupitia hali kama hii, tafadhali anieleze alivyoamua.