Urithi wa Mzee Gurumo unapokewa kwa njia gani?

Mpenzi wa Msondo (mleta mada)

Wanajamvi, nawasalimu nyote. Nina mpwa wangu, kijana anayepiga gitaa, ambaye kwa muda sasa amezama katika nyimbo alizoimba mwimbaji wa muziki wa dansi, Mzee Muhidin Maalim Gurumo. Anazisikiliza kwenye simu, anachukua solo kwa sikio, na nyingi ameshazikariri bila kukosea. Hata hivyo, anapozipiga pamoja na wenzake, sisi tuliokulia kwenye kumbi za dansi tunasikia mara moja kwamba kuna kitu hakipo, ingawa hakuna noti hata moja iliyopotea. Jambo hilo limenifanya nijiulize swali ambalo ningependa lijibiwe na wenye ujuzi.

Mzee Gurumo alizaliwa mwaka 1940 na akajiunga na NUTA Jazz mwaka 1964, bendi iliyomilikiwa na chama cha wafanyakazi, ambayo baadaye iliitwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa walioijenga bendi ya Mlimani Park na mtindo wake wa Sikinde, jina lililotoka katika ngoma ya Wazaramo. Mwaka 1985 akahamia Orchestra Safari Sound yenye mtindo wa Ndekule. Na baadaye akarudi Msondo, akabaki huko hadi alipostaafu mwaka 2013. Alifariki tarehe 13 Aprili 2014. Mitindo mikubwa mitatu ya Dar es Salaam ilipitia katika koo la mtu mmoja, na nyimbo zake tunazo. Ninachouliza ni hiki: je, ujuzi wenyewe umo ndani ya nyimbo hizo, kiasi kwamba kijana akizisikiliza kwa bidii ataupata, au ulikuwa mahali pengine ambapo leo hapafikiki?

Mpiga rizimu mstaafu

Ndugu mleta mada, nimepiga gitaa la rizimu katika bendi za dansi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo nitakujibu kwa nilivyojifunza mimi mwenyewe.

Mpwa wako ameanza na solo kwa sababu solo ndiyo inayosikika. Katika muziki wetu, hata hivyo, solo haisimami peke yake. Rizimu huweka mchoro unaojirudia, gitaa la pili hupita katika nafasi zilizoachwa na rizimu, besi huacha pengo mahali ambapo msikilizaji anategemea ijae, na solo huzungumza na hao wote. Katika rekodi za zamani vyombo vingi vilibanana katika nafasi ndogo, sauti za waimbaji na solo zikawekwa mbele, na michoro ya magitaa ya nyuma ikafifia. Kijana anayejifunza kutoka kwenye rekodi hizo anajifunza jibu bila kulisikia swali. Mwambie aache solo kwanza, akae na rizimu hadi mkono wake uache kuhesabu.

Jambo la pili ni namna wimbo ulivyotengenezwa. Mtunzi alifika mazoezini na maneno pamoja na sauti ya kuimbia, mara nyingi bila zaidi ya hapo. Waimbaji waligawana sauti, wapiga magitaa wakatafuta michoro yao, wapuliza saksafoni na tarumbeta wakapangiwa vipande vyao, na wimbo ukapikwa na bendi nzima kwa siku kadhaa kabla ya kupelekwa ukumbini. Pale Mlimani Park kazi ya kupanga vipande hivyo ilikuwa na jina kubwa la Michael Enoch, mtu aliyetokea Dar es Salaam Jazz ya miaka ya 1960 na kuja na masikio ya kizazi kilichotangulia. Kijana aliyekuwa amekaa pembeni katika mazoezi hayo aliona wimbo ukizaliwa. Aliona kipande kizuri kikikataliwa kwa sababu kinamfunika mwimbaji. Kilichokataliwa hakimo katika rekodi yoyote, na kwa maoni yangu nusu ya elimu ilikuwa humo.

Halafu kuna chemko, yaani sehemu ya mwisho ya wimbo, ya kucheza. Ukumbini, baada ya beti kumalizika na magitaa kushika kasi, sehemu hiyo iliweza kuendelea kwa muda mrefu kuliko ilivyorekodiwa, na urefu wake uliamuliwa na wachezaji waliokuwa mbele yetu. Mzee Gurumo alijua kuwasoma watu hao. Alijua lini aingize kibwagizo tena na lini anyamaze awaachie wapuliza ala. Sisi tuliokuwa nyuma tulimtazama bega na mkono, na hakuna aliyetueleza kwa maneno.

Mwalimu wa muziki, Bagamoyo

Shikamoo mzee wangu, na ninakushukuru kwa maelezo ambayo nitawasomea wanafunzi wangu. Naomba, pamoja na heshima zote, nitofautiane nawe kidogo, kwa sababu ninaogopa kwamba tukisema ujuzi ulikuwa mazoezini tu, tutakuwa tumekubali kwamba umekufa.

Mafunzo hayo uliyoyaeleza yaliwezekana kwa sababu kulikuwa na ajira na kulikuwa na vyombo. Polisi walikuwa na bendi, JKT walikuwa na bendi, kiwanda cha nguo cha Urafiki, shirika la bima, shirika la mabasi la UDA na kiwanda cha Tancut kule Iringa vyote vilikuwa na bendi zao. Mwanamuziki aliajiriwa, akapata mshahara, na gitaa alilopiga lilikuwa mali ya mwajiri. Kijana asiye na fedha ya kununua gitaa alilishika kwa mara ya kwanza pale mazoezini, wakati wakubwa walipokwenda kula. Mashirika yalipoanza kujiondoa katika mambo hayo miaka ya 1990, kilichovunjika ni shule nzima, ingawa hakuna aliyeiita shule. Vijana wa wakati huo walikwenda kwenye muziki ambao mtu anaweza kuutengeneza akiwa na kompyuta na kipaza sauti. Siwalaumu hata kidogo, maana hapakuwa na mahali pengine palipowafungulia mlango.

Kwa sababu hiyo naona ni lazima tuandike na turekodi upya. Tazameni taarab. Zanzibar kuna chuo cha muziki tangu mwaka 2002, ambako vijana hujifunza ala kama kanuni, udi na fidla, na waliobobea ndio wanaofundisha. Mwanafunzi anayetoka pale hajawa Bi Kidude, lakini anaweza kukaa katika kikundi na kushika nafasi yake. Dansi inastahili kitu cha namna hiyo: mpiga rizimu apige peke yake mbele ya kamera, taratibu, kisha besi peke yake, kisha wote kwa pamoja, na sauti tatu za waimbaji zirekodiwe moja moja. Waimbaji wetu wa dansi wanaondoka: TX Moshi William alifariki mwaka 2006, Shaaban Dede mwaka 2017, na kila mmoja wao aliondoka na mambo ambayo tungeweza kumwomba atuoneshe kwa mchana mmoja.

Mkazi wa Ilala

Naomba kuongeza la uhusiano kati ya wazee na vijana wenyewe, kwa kuwa tumezungumzia ala na kuwasahau watu. Mwaka 2013, Mzee Gurumo alipostaafu, Diamond Platnumz alimzawadia gari, na wengi wetu tulifurahi kwa dhati, kwa sababu mzee aliyeimba kwa takriban nusu karne hakuwa na gari. Lilikuwa tendo la heshima na ninalisifu hadi leo. Lakini heshima na urithi ni mambo mawili. Ningetamani zaidi kuwasikia wakiimba pamoja katika wimbo mpya, kijana akilazimika kushika sauti ya pili chini ya mzee na kujifunza kusubiri zamu yake.

Yapo pia yanayotia moyo. Hassan Moshi, mtoto wa TX Moshi William, ameimba katika Msondo Ngoma, bendi ileile ya baba yake, na ukimsikiliza utaona kwamba hakuishia kumwiga baba. Ninachokipinga ni tabia ya kumbi zetu kuzitaka bendi zipige zilipendwa tu. Mzee Gurumo alikuwa mtunzi. Bendi isiyotunga wimbo mpya haina sababu ya kupika chochote mazoezini, na hapo ile elimu aliyoieleza mzee wa rizimu haiwezi kutokea hata wazee na vijana wakikaa chumba kimoja.

Mpenzi wa Msondo (mleta mada)

Nawashukuru sana. Mzee wangu, nimemsomea mpwa wangu maneno yako, naye anauliza: kama mwalimu anayempata ni wa mara chache, amwombe nini kwanza?

Mpiga rizimu mstaafu

Mwalimu wa Bagamoyo amenigeuza mawazo kwa upande mmoja, na ninakubali kurekodiwa ikiwa atakuja na wanafunzi wake. Nitakuwa na sharti moja tu, kwamba katika chumba hicho awepo mwimbaji, kwa sababu sijui kupiga rizimu bila kusikia mtu anayeimba.

Kuhusu kijana, asiombe kufundishwa nyimbo. Atunge ubeti mmoja wa kwake, hata kama ni mbovu, aende nao mazoezini mwa bendi yoyote yenye wazee, na aombe wamwoneshe ungewekewa nini chini yake. Wazee wengi huchoka kuulizwa habari za zamani, lakini sijawahi kumwona mwanamuziki aliyekataa kuushika wimbo ambao haujakamilika. Akubali pia kupewa tumba au ala ndogo kwa miezi ya mwanzo. Akiwa hapo ataisikia besi kwa karibu, na besi ndiyo itakayomwambia mahali solo yake inapotakiwa kuingia. Na ajifunze kuimba sauti ya pili, hata kama hana nia ya kuwa mwimbaji, kwa kuwa mpiga gitaa asiyejua sauti za waimbaji zinakwenda wapi atawakanyaga kila siku.