Kikapu kimoja, nakala nne! Nani aliwafundisha kuandika React hivi?

Wakuu, salamu fupi leo. Nimetoka kazini saa nne usiku kwa sababu ya kinamba chekundu juu ya alama ya kikapu.

Nimerithi kodi (maandishi ya programu, siyo ya TRA) ya duka la mtandaoni, imeandikwa kwa React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa. Mteja analalamika: juu ya ukurasa kikapu kinasema 3, kwenye malipo zipo bidhaa 2. Nikajua kazi ya nusu saa. Kumbe! Orodha ya bidhaa ipo kwenye useState (kumbukumbu ya kipande kimoja cha ukurasa) ya heda, yaani sehemu ya juu ya ukurasa, ipo tena kwenye ukurasa wa kikapu, ipo kwenye localStorage (hifadhi ya ndani ya brauza), halafu idadi nayo imepewa useState yake peke yake, na useEffect tano (vijikodi vinavyokimbia baada ya ukurasa kuchorwa) zinafukuzana kuzipatanisha. Idadi jamani! Kitu cha kuhesabu orodha iliyo mbele yako tu, unakijengea stoo ya nini?

Ukimuuliza aliyeandika anakujibu eti alichoka kupitisha data ngazi saba za komponenti (vipande vya ukurasa vilivyomo ndani ya vingine). Sawa, hiyo ni kero, naikubali. Lakini hata nyaraka za React zinasema: pandisha data hadi kwa komponenti mzazi wa karibu wanayeshirikiana, watoto wasome kwake. Wewe ukampa kila mtoto daftari lake.

Kituko cha pili ni cha kiongozi wetu. Kusikia kelele, akatengeneza Context (njia ya React ya kufikisha data kwa komponenti za chini bila kuipitisha ngazi kwa ngazi) moja ya dunia nzima: mtumiaji, kikapu, lugha, rangi, mpaka maneno ya kisanduku cha kutafutia, vyote kwenye objekti moja inayoundwa upya kila mara. React haichungulii ndani ya objekti kujua kilichobadilika. Ikiona ni mpya, kila komponenti inayosoma Context ile inachorwa upya. Nikabandika memo (ya kuzuia komponenti isichorwe upya bure) kila kona, wapi! Memo haimzuii anayesoma Context moja kwa moja. Kiongozi kwenye laptop yake nene haoni kitu. Kwenye simu yangu ya RAM ya GB 2 unaandika "viatu", unaenda kunywa maji, unarudi imefika "via".

Na leo kikaoni kaja na dawa mpya: tuhamie Redux, maktaba ya kutunza data ya programu sehemu moja. Hawa hawa kabla sijaajiriwa walihamia Recoil, maktaba nyingine ya kutunza data, wakaishia njiani, mabaki yake bado yapo humo na mradi wenyewe wa Recoil ulishafungwa 2025. Sina ugomvi na Redux, nimeitumia vizuri tu sehemu nyingine. Ila nakala nne zikihamia Redux zitabaki nne, na safari hii kila moja itakuja na faili zake tatu.

Mliowahi kurithi balaa kama hili, mlianzia wapi: kufuta zile useEffect au kuigawa Context? Nijibuni haraka, kesho saa tatu asubuhi nakaa na mteja na kinamba bado kinasema 3.