MJADALA: Tauni ya mapafu ikiingia mjini, kipimo cha haraka kitoshe kumhesabu mtu mgonjwa?

Bwana Afya (mleta mada)
Wadau, naijenga hoja juu ya mfano mmoja, Madagaska 2017. Tarehe 23 Agosti mtu wa miaka 31 aliyekuwa wilaya ya Ankazobe alianza homa iliyofanana na malaria. Tarehe 27 akiwa kwenye teksi ya abiria kuelekea Toamasina kupitia Antananarivo, kifua kikambana, akafariki. Watu 31 waliohusiana naye waliugua, wanne wakafa. Tauni ilikuja kutambuliwa Septemba 11, ikiwa tayari imeshaingia mjini. Hadi mwisho wa Novemba WHO ilikuwa imeandika wagonjwa 2,417 na vifo 209, na kati ya wagonjwa hao 1,854 waliwekwa kundi la tauni ya mapafu.

Ugonjwa huu unachipuka ndani ya siku 1 hadi 4. Asiyetibiwa hufa, karibu wote. Dawa ikichelewa zaidi ya saa 24 tangu dalili zianze, nafasi ya kupona inashuka vibaya. Msimamo wangu: kipimo cha haraka cha makohozi kikisema ndiyo, mtu ahesabiwe, atengwe, na waliotangamana naye wafuatwe siku hiyo hiyo. Kuoteshea bakteria maabara ni kazi ya wanaoandika ripoti baadaye.

Hadubini
Bwana Afya, umeacha nusu ya pili ya hesabu. Takwimu hizo zilipochambuliwa upya na kuchapishwa 2019, kati ya wagonjwa 1,878 walioripotiwa kuwa na tauni ya mapafu, waliothibitishwa walikuwa 32. Asilimia 2! Waliowekwa kundi la "yawezekana" ni 386, waliobaki wote ni wahisiwa tu. Kwa tauni ya mtoki (ile inayovimbisha tezi), kati ya 395 walithibitishwa 66. Nchi ile ile, maabara ile ile, tofauti kubwa ni sampuli.

Kipimo hicho cha haraka kilibuniwa huko huko, Institut Pasteur de Madagascar. Kinatafuta antijeni F1, ambayo ni ganda la *Yersinia pestis*, bakteria wa tauni, na kinaweza kuigundua ikiwa nanogramu 0.5 tu kwa mililita, majibu ndani ya dakika 15. Kwa majimaji yaliyovutwa kwa sindano kwenye mtoki ni kipimo kizuri sana. Pale unachoma tezi iliyojaa bakteria, hakuna kitu kingine. Makohozi ni habari nyingine: yamepita mdomoni, yamebeba bakteria wa kila aina, ni mazito kiasi kwamba hayapandi vizuri kwenye kijiti cha kipimo, na mara nyingi mgonjwa ametema mate tu. Hapo ndipo mstari hafifu unapotokea na kila anayeusoma anaona lake.

Tazama Shelisheli Oktoba ile ile. Msafiri aliyetoka Madagaska alipimwa makohozi, kipimo cha haraka kikatoa jibu chanya hafifu, nchi nzima ikawa katika tahadhari. Sampuli zikapelekwa Paris. Hasi.

Takwimu
Hoja ya Hadubini ina hesabu yake, niiweke kwa mfano wa kubuni. Chukua kipimo kinachokamata wagonjwa 90 kati ya 100 na kuwaachia sawasawa wasio wagonjwa 95 kati ya 100. Lete watu 1,000 wanaokohoa kwenye zahanati za jiji, 20 kati yao wana tauni kweli. Kipimo kitakamata 18. Kitawasingizia pia 49. Kwa hiyo kati ya majibu chanya 67, ya kweli ni kama robo tu.

Sasa peleka kijiti kile kile kwa watu 1,000 wenye homa na kikohozi ambao walikaa nyumba moja na mgonjwa aliyethibitishwa, tuseme 300 kati yao wameambukizwa. Utapata chanya za kweli 270 na za uongo 35. Kilichobadilika ni nani umemsimamisha kwenye foleni. Ndiyo maana fomu isiyo na swali la "ulikutana na nani" haina thamani hata ukiwa na PCR (kipimo cha vinasaba).

Na vifo vinasema jambo. Waliothibitishwa wa mapafu walikufa asilimia 25. Waliowekwa "yawezekana", asilimia 8. Wahisiwa, asilimia 5. Kama wahisiwa wote wangekuwa na tauni, vifo visingekuwa vichache hivyo.

Daktari wa Wodi
Ndugu Takwimu, taratibu. Asilimia 5 ya wahisiwa inaweza pia kuwa watu waliokuja mapema, au waliokwishameza antibiotiki kutoka duka la dawa. Hofu ikiingia mjini watu hawasubiri cheti. Mtu aliyemeza doksisaiklini siku mbili, makohozi yake hayataotesha kitu. Hasi ya namna hiyo haimwondolei mtu tauni.

Ila Bwana Afya naye anachanganya mambo mawili, kutibu na kuhesabu. Mimi natibu kwa kuhisi tu: homa ya ghafla, kikohozi, kubanwa kifua, na historia ya kutoka eneo lenye tauni au kukutana na mgonjwa. Sisubiri makohozi yenye damu. Damu mara nyingi huja ugonjwa umeshakomaa, ukiifanya sharti utapata wagonjwa wa uhakika ambao unakaribia kuwazika. Jentamaisini miligramu 5 kwa kilo mara moja kwa siku kwa mtu mzima mwenye figo nzima, au streptomaisini, au siprofloksasini. Barakoa kwa mgonjwa kwanza, kisha kwangu. Sihitaji ruhusa ya maabara kwa hayo.

Madhara ya jibu chanya la uongo lakini yapo wodini, si kwenye takwimu peke yake. Antananarivo, kama miji yetu, imejaa kifua kikuu. Mtu wa kifua kikuu akipewa jina la tauni, unamlaza chumba kimoja na wenye tauni kweli, unamchoma streptomaisini peke yake kwa siku kadhaa. Hiyo ni dawa ya TB! Homa inapungua kidogo, anaruhusiwa, na umemfundisha bakteria wa TB usugu. Siprofloksasini nayo inaficha TB vivyo hivyo. Kila mhisiwa wa tauni ya mapafu makohozi yake yapite pia GeneXpert, mashine ya kupima vinasaba vya TB.

Mwanafunzi MD4
Samahani wakubwa, eksirei ya kifua haitoshi kutenganisha?

Daktari wa Wodi
Haitoshi. Itakuonyesha nimonia, tena kubwa. Haitakuambia ya nani.

Bwana Afya
Nakubali kutibu na kuhesabu vitenganishwe. Lakini nani atafuata waliotangamana kama hujamhesabu mtu? Mwaka ule walifuatiliwa zaidi ya watu 7,000, wakapewa dawa kinga ya siku 7, na waliougua baadaye hawakufika 20. Kazi hiyo ilianza kwa washukiwa, haikusubiri uthibitisho. Mkileta sharti la PCR, kila siku ya kusubiri ni kizazi kingine cha maambukizi.

Hadubini
Wafuate, hakuna anayekuzuia. Ninachokataa ni mhisiwa kutangazwa jioni kama mgonjwa. Mwishoni mwa mlipuko WHO iliwaita 390 wa mapafu kuwa wamethibitishwa. Uchambuzi wa baadaye ukabakiza 32. Kwa namba ya kwanza majirani wanakagua wasafiri wako uwanjani. Hiyo si gharama ndogo.

PCR nayo ina mitego. Jeni *pla* iko kwenye plazmidi (kipande kidogo cha DNA cha pembeni) yenye nakala nyingi ndani ya kila bakteria, kwa hiyo hunaswa kirahisi, lakini jeni zinazofanana nayo zimepatikana kwa bakteria wengine. *caf1* ndiyo inayotengeneza F1, ni mahususi zaidi ila nakala zake ni chache. *pla* peke yake ikitokea dhaifu, yaani ikichelewa kuonekana hadi mzunguko wa 37 au 38 wa mashine, usiandike tauni. Rudia, na udai zote mbili.

Kuotesha kunahitaji subira: nyuzi 28, saa 48 na zaidi. Saa 24 koloni ni kama vumbi, mtu mvivu anatupa sahani. Bakteria wa mdomoni wanakua haraka na kuifunika, kwa hiyo tumia CIN, agari ya kuoteshea inayozuia wengi wa bakteria hao, sambamba na agari ya kawaida. Ukitaka kupima F1 kwenye koloni, kwanza ikuze nyuzi 37, kwani kwenye baridi ganda halitengenezwi na kijiti kitakudanganya hasi.

Na yote haya yanaanguka kama sampuli ni mbaya. Mgonjwa asukutue kwa maji, akohoe kutoka ndani, nje mahali penye hewa, kabla ya sindano ya kwanza. Dakika tano zinatosha, haziui mtu. Kama maabara iko mbali, sehemu iingie Cary-Blair, mchanganyiko wa kuhifadhi sampuli njiani. Aliyekwisha kufa, vuta kwa sindano kutoka pafu. Pamba ya mdomoni haitoshi.

Takwimu
Na damu. Waliotibiwa mapema wanaweza kuthibitishwa kwa kingamwili dhidi ya F1: damu ya siku ya kwanza na ya pili baada ya wiki tatu hivi, kiwango kikipanda mara nne. Huko ndiko hoja ya Daktari kuhusu antibiotiki ingepata jibu.

Bwana Afya
Wiki tatu baadaye unampata wapi mtu wa mjini? Aliyepanga chumba amehama, mwingine ametoa jina la uongo kwa kuogopa kutengwa.

Hadubini
Kwa hiyo namba ya simu ya mgonjwa na ya ndugu mmoja ziandikwe kwenye fomu ya sampuli ya kwanza, pamoja na saa aliyopewa dawa ya kwanza. Fomu nyingi hazina hata nafasi ya hiyo saa.