Wakuu, virusi vya homa ya ini B vinapita kwenye kondo la nyuma? Naombeni ushauri

Tumaini_Kimya (mleta uzi)
Habari za humu wakuu. Nina ujauzito wa wiki 31. Kliniki walinipima damu wakaniambia nina homa ya ini aina ya B. Naomba kujua kitu kimoja tu: virusi hivi vinapita kwenye kondo la nyuma? Maana kama vimeshapita, hata hiyo chanjo ya kumchoma mtoto akizaliwa naona haina kazi tena. Matusi hapana jamani, silali tayari.

Baba_Wawili
Pole dada. Mimi niligundulika nilipokwenda kuchangia damu. Kila asubuhi nikawa naona macho ya njano kwenye kioo, kumbe ni taa ya bafuni. Mpaka leo nadunda. Ini napima kila baada ya miezi, pombe nimeacha. Yaani, karibu nimeacha.

Mzee_Mkweli
Ugonjwa huu ni wa zinaa. Mabinti mngekuwa mnatulia, nyuzi kama hizi tusingeziona.

Nesi_Mstaafu
Mzee mwenzangu, pole pole. Mtoto mchanga akiambukizwa, kwa 9 kati ya 10 ugonjwa unakuwa sugu. Mtu mzima mwenye afya akiupata, mara nyingi sana mwili unausafisha wenyewe. Kwa hiyo huyu binti inawezekana kabisa alizaliwa nao.
Mleta uzi: kupitia kondo inatokea, ila si njia kuu. Kondo likiwa zima linazuia vizuri. Watoto wengi huambukizwa wakati wa kujifungua, wanapokutana na damu na majimaji ya mama. Wale wachache wa tumboni, mara nyingi mama ana virusi vingi mno au kondo lilivuja, tuseme uchungu ulitishia kuanza mapema. Ndiyo maana chanjo inachomwa ndani ya saa 24, na penye immunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari, anachomwa nayo kwenye paja la pili ndani ya saa 12. Sasa niambie: wingi wa virusi ulipimwa? Dawa ulipewa?

Tumaini_Kimya
Ulipimwa. Ni vingi. Ila swali langu ni kondo.

Mama_Pacha
Omba upasuaji, usihangaike. Mimi nilikuwa na hiyo hiyo, nikapasuliwa, wanangu wazima wanakimbia.

Nesi_Mstaafu
Upasuaji kwa sababu ya B peke yake hauna ulazima. Na kunyonyesha ruksa, mtoto akishachanjwa.

Fundi_Saa
"Vingi" ndiyo ngapi? Na la dawa umeliruka.

Tumaini_Kimya
Zaidi ya milioni 100 kwa mililita. Dawa nilipewa nianze wiki ya 28. Sijaanza. Kabla hamjanirukia, nisikilizeni. Kopo limeandikwa tenofovia, nikaingia mtandaoni nikakuta ndiyo wanayomeza wenye UKIMWI. Mume wangu hajui lolote, hata hii B hajui. Kopo nimelibandua karatasi nikalitia kwenye soksi, bado vidonge vinagonga kila nikivuta droo, ikabidi nijaze pamba. Na nimeshapata kituo kingine cha kujifungulia, hawanijui, kadi nitasema imepotea. Nimeshaongea nao. Sijakurupuka, nalinda ndoa ambayo huyo huyo mtoto atalelewa ndani yake. Kama kondo limeshapitisha, nibomoe nyumba kwa faida ya nani?

Nesi_Mstaafu
Sasa ndiyo umeuliza, mwanangu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 ulisema virusi vikifika 200,000 kwa mililita, mama aanze tenofovia wiki ya 28. Wewe umevuka hapo mara 500. Kwa wingi huo chanjo peke yake inaweza kuzidiwa, vidonge vinashusha virusi kabla ya siku yenyewe, na kushuka kunataka wiki kadhaa. Bado unazo. Dawa ni ile ile kwa sababu virusi vyote viwili vinajinakili kwa kimeng'enya cha aina moja, kopo halimwambii mtu kwamba una VVU. Nenda kwa waliokupa, uanze, na usije ukaacha bila wao kujua, ini linaweza kuwaka. Hicho kituo cha pili bila kadi, nani atajua mtoto wako ana saa 12?

Jicho_la_Tatu
Mnaliwa vichwa wakuu. Nimepekua. Mwezi uliopita akaunti hii iliandika kwenye uzi wa magari, "mke wangu hapendi gia ya mkono". Hadithi ya kutunga hii.

Kichwa_Ngumu
Mjamzito ana ndevu 😂😂

Baba_Wawili
Na mimi nilikuwa nimeanza kufuta machozi.

Tumaini_Kimya
Akaunti tunatumia wawili. Ya magari ni yeye.

Fundi_Saa
Subiri. Mume hajui lolote, na uzi umeuandika kwenye akaunti yake?

Tumaini_Kimya
Anasomaga magari tu.

Kichwa_Ngumu
Shemeji, ukipita hapa, droo ya soksi.

Nesi_Mstaafu
Acheni ndevu na soksi. Mume naye apimwe, akikutwa hana achanjwe. Kliniki ukiwaomba wakusaidie kumwambia, watakusaidia, huna haja ya kuanza peke yako. Mama Pacha, wanao walichomwa lini ile chanjo ya kuzaliwa?

Mama_Pacha
Tulipokwenda wiki ya sita, pamoja na zile nyingine.

Nesi_Mstaafu
Na baada ya hapo walipimwa? Mtoto wa mama mwenye B hupimwa akiwa na miezi 9 hadi 12.

Mama_Pacha
Hawaumwi, niwapime nini?

Nesi_Mstaafu
B kwa mtoto haiumi. Wapeleke.

Mama_Pacha
Uzi ni wa Tumaini huu, msinigeukie mimi.