Binti yangu hatoi neno shuleni: nisubiri akue au nimpeleke kwa mtaalamu?

MamaNasra_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Wenye utani wao leo mniache kidogo, nina jambo.

Nina binti wa miaka sita, yuko darasa la kwanza shule ya serikali. Nyumbani huyu ndiye mwenye nyumba: anamgombeza mdogo wake, anaimba, anamuiga jirani anayeuza vitumbua mpaka jirani mwenyewe anacheka. Tukikanyaga geti la shule, imeisha. Nausikia mkono wake unapoa ndani ya mkono wangu, uso unakaza, na sauti hutaisikia tena mpaka tutoke. Tangu Januari mwalimu hajawahi kuisikia. Anaandika vizuri, hesabu anapata, lakini likiitwa jina lake kwenye mahudhurio anaitikiwa na jirani yake wa dawati. Madrasa anachezesha midomo tu. Dukani ananyoosha kidole.

Wiki iliyopita kajikojolea darasani kwa kushindwa kuomba ruhusa. Mwalimu anasema ni kiburi, viboko vitamfungua. Mama mkwe anataka akakatwe kimeo. Baba yake anasema ataacha mwenyewe, kwao wote wapole. Nitajuaje kama hii ni aibu ya kitoto au ni jambo la kutafutiwa mtaalamu?

Mzee wa Raskazone
Siku hizi kila kitu saikolojia. Mimi shuleni nilikuwa simsemeshi mtu mpaka darasa la tatu, na leo ni dalali, nalipwa kwa mdomo huu huu. Mpe muda mtoto. Ila hilo la kimeo msithubutu.

SistaMstaafu
Mzee wangu, wewe ulitoboa. Wapo wasiotoboa, nimewapokea wakiwa kidato cha pili, hawana rafiki hata mmoja.

Mama Nasra, mimi ni muuguzi, nimezeekea kliniki ya afya ya akili. Mtoto mwenye aibu ya kawaida hujificha nyuma ya kanga yako, lakini wiki zikipita anamzoea mwalimu, anaanza kunong'ona, mwisho anapiga kelele na wenzake. Wako hajasogea. Kitaalamu tunaangalia kama hali imezidi mwezi, na mwezi wa kwanza wa kuanza shule hatuuhesabu, maana huo kila mtoto anababaika. Nyie mmeshapita huko.

Lakini mimi tarehe si kitu kikubwa. Naangalia huo ukimya unamnyima nini. Mtoto anayebana mkojo mpaka unamtoka kwa sababu hawezi kusema "mwalimu naomba kutoka", huyo hata akiumia au akichokozwa hatasema. Hapo sisubiri akue.

Na si kiburi. Ni hofu, mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5 wa 2013, umeiweka hali hii pamoja na magonjwa ya wasiwasi. Mtoto anataka kusema, maneno yanagoma kutoka. Ukimchapa umempa sababu nyingine ya kuogopa. Kimeo ndiyo kabisa: angekuwa na kasoro kinywani, hizo nyimbo za nyumbani angeimbaje? Watoto wanavuja damu na kupata maambukizi kwa visu vile.

Nijibu mawili. Masikio yamepimwa? Na shule inafundisha lugha mnayoongea nyumbani? Aliyetoka Kiswahili akaingizwa inglishi midiamu anaweza kukaa kimya muda akiisikiliza lugha mpya, huyo simhesabii ugonjwa.

MamaNasra_Tanga
Asante sana mama. Kiswahili kote kote. Masikio hayajapimwa, ila nikifungua pipi chumbani yeye akiwa uani anakuja mbio.

SistaMstaafu
Hahaha! Yapimwe hivyo hivyo. Anzia Bombo, hospitali yenu ya mkoa, ulizia afya ya akili au afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ikibidi watakuandikia rufaa. Na mrekodi kwa simu akiwa anaongea na mdogo wake, bila kumfanya ajue anapigwa picha. Mbele ya daktari hatafungua mdomo, na bila hiyo video watadhani hajui kuongea.

BabaJunior
Wa kwangu alikuwa hivyo hivyo. Hatukupewa dawa. Mtaalamu alitufundisha mimi na mwalimu. Asubuhi kabla wenzake hawajafika, mimi na Junior tunakaa darasani peke yetu tunacheza karata, anaongea na mimi tu. Akishazoea, mwalimu anapita mlangoni bila kututazama. Baadaye anakaa dawati la nyuma anasahihisha madaftari. Ilichukua muda mrefu mpaka akae kwenye mchezo wetu, na siku Junior alipomwambia "mwalimu zamu yako", aliyeshikwa na kigugumizi alikuwa mwalimu.

Tulikatazwa mambo mawili: kumbembeleza kwa zawadi mbele za watu, na kushangilia akiongea. Akisema, endelea kama vile alikuwa akisema siku zote.

Ustawi_Moro
Naongeza moja, wengine wasichanganye. Hapa tunamzungumzia mtoto ambaye tangu mwanzo yuko huru nyumbani na kimya nje. Mtoto aliyekuwa akiongea vizuri halafu ghafla akanyamaza, au anaogopa mtu fulani, sehemu fulani, usiku anashtuka, huyo ni habari nyingine. Usimbane kwa maswali, mpeleke hospitali upesi, na ukihisi amefanyiwa kitu nenda dawati la jinsia na watoto polisi. Namba 116 ya watoto ni bure.

MamaNasra_Tanga
Nimesoma yote. Tangu mwanzo yuko hivi, hata kwa shangazi zake. Video mwalimu mkuu nimemwonyesha, amebaki ameduwaa, viboko kavipiga marufuku na darasa ananifungulia mapema. Hospitali tunaenda Jumatatu. Nimwambie tunaenda wapi, au nimwambie tunaenda sokoni?

SistaMstaafu
Sokoni usiseme, akigundua hatakuamini siku nyingine. Mwambie kuna mtu anasaidia watoto ambao sauti inagoma wakiwa shule, hakuna sindano, na si lazima aseme kitu. Mbebee daftari la kuchora.

Mzee wa Raskazone
Na pipi.