Santuri za mzee: sauti nyembamba, inaunguruma, na waimbaji kama wamelewa

Mchaga_wa_Soweto
Wakuu, naomba msaada. Mzee wangu ana santuri kama sitini kwenye sanduku la bati, nyingi alinunua Nairobi enzi akiendesha lori. Nimepania kuzitia kwenye kompyuta kabla wajukuu hawajazimaliza. Moja, zile nene za zamani, tayari imekaliwa ikakatika kama sahani ya udongo.

Gramafoni niliuziwa na mzungu aliyekuwa anarudi kwao Marekani. Ni ya volti 110, nikatafuta transfoma hapa mjini Moshi. Nimechomeka waya zake moja kwa moja kwenye laptopu, tundu la hedifoni, nikafungua Audacity, programu ya kurekodi sauti. Sauti inatoka kama nzi ndani ya chupa, besi hakuna, na nyuma yake mmmmm mwanzo mpaka mwisho. Nikamwita mzee asikilize. Akatulia, akauliza: "Hawa wamelewa?" Na kweli wote wanavuta maneno. Sindano imekwisha au nimekosea mimi?

Fundi_Ngarenaro
Mangi, sindano usiisingizie. Kichwa cha sumaku, kile kinachoshika sindano, kinatoa milivolti chache tu. Halafu santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi, maana ingechongwa ilivyo mifereji ingekuwa mipana na nyimbo zisingeenea. Anayeirudisha ni priampu ya gramafoni, kikuza sauti kinachotangulia amplifaya, na wewe umemruka.

Kuna amplifaya ya zamani hapo kwenu? Ikiwa na tundu limeandikwa PHONO, usinunue kitu, priampu imo ndani. Ingiza hapo, toa kwenye REC OUT, peleka kwenye kompyuta. Ila si tundu hilo la laptopu: ukiliingizia sauti linaichukulia kama ya maiki, linapokea upande mmoja tu. Tafuta saundikadi ya USB yenye line in (tundu la kuingizia sauti ya pande mbili), au kompyuta ya mezani yenye tundu la bluu.

Muungurumo: nyuma ya gramafoni kuna waya mwembamba unaning'inia peke yake. Ufunge kwenye skrubu ya GND (ya ardhi) ya amplifaya. Muungurumo ukiendelea, chomoa chaja ya laptopu, rekodi kwa betri.

MamaSanturi_Sakina
Mie nazungumzia walevi. Transfoma inashusha volti, hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) haizigusi. Umeme wa Marekani ni hezi 60, wetu ni 50, na mota nyingi za zamani zinakwenda kwa kufuata hezi. Santuri inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kwako inazunguka kama mara 28. Mimi nilihangaika miezi miwili, nikabadilisha mkanda mara mbili bure.

Rekodi hivyo hivyo, kisha ndani ya Audacity tumia Change Speed (matoleo mapya wanaiita Change Speed and Pitch), ongeza asilimia 20. Usiguse Change Tempo, hiyo itawakimbiza na ulevi wao.

Hizo nene zinazovunjika ni za mizunguko 78. Zinataka sindano yake, nene zaidi. Ya LP, hizo za mizunguko 33, inazama chini ya mfereji na kuokota taka. Na usizipanguse kwa spiriti, utaziyeyusha.

Mchaga_wa_Soweto
Nimerudi. Amplifaya ilikuwa juu ya kabati miaka yote, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, mama anaweka maua juu yake. Nimefunga waya wa GND, mmmmm imekufa papo hapo. Nimeacha vilele vya sauti viishie desibeli -6, upande mzima bila kusimamisha, dakika 20, faili la WAV karibu MB 200. Nikaongeza ile 20.

Mzee hakumaliza hata ubeti wa kwanza. Alianza kunionyesha kwa kidole hewani pale gitaa la pili linapoingia, na lilipoingia akanitazama kana kwamba nilibisha.

Za 78 nimeziweka pembeni. Sasa anataka zilizobaki zote ziwe kwenye flashi kabla ya Krismasi, wenzangu wakipanda toka Dar wazikute. Nimemaliza nne. Na umeme mtaani kwetu unakatika kila jioni saa moja, yaani saa ile ile ninayotoka kazini.